Salunga si Usukumani: siku tano Lancaster kutafuta kaburi la ukoo wa mama mkwe

Nimeandika haya wiki mbili baada ya kurudi Columbus, kwa msaada wa daftari la mke wangu (yeye huandika kila senti), picha mia mbili na kitu kwenye simu, na kumbukumbu ya mama mkwe, ambayo ni kali kuliko zetu wote. Anayetaka njia na gharama tu atazikuta katikati ya maneno.

Kwanza nieleze tulikuwa tunamfuata nani. Mama mkwe wangu ni Mmarekani wa Ohio, lakini mama yake mzazi alitoka kwa Wamennonite wa kaunti ya Lancaster, jimbo la Pennsylvania, ukoo wa Brubaker. Mimi ni Mjita wa Mugango, kando ya Ziwa Victoria, na nimebatizwa Kanisa la Mennonite Tanzania kama baba na babu. Tulipooana, watu wa huku walidhani nimeingia dini ya mke. Ni kinyume. Mke wangu amelelewa Mmethodisti. Mmennonite wa nyumba ni mimi. Basi mama mkwe alipotimiza miaka sabini akasema anataka kuona kaburi la bibi yake wa kizazi cha sita kwenda nyuma kabla magoti hayajamkatalia, nilikuwa wa kwanza kushika ufunguo wa gari.

Alhamisi: Columbus hadi Lancaster, kilomita 630 hivi

Tulitoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mama mkwe alikaa mbele kwa sababu ya magoti, mke wangu na binti yetu Neema wakakaa nyuma na kapu la chapati na mayai ya kuchemsha. Bibi yangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kula meza moja na mkwe wake wa kiume. Wakikutana njiani, mmoja anapisha pembeni. Angeniona mimi nimekaa bega kwa bega na mkwe, tunagombania kiyoyozi, angejifunika kanga usoni.

Hadi Wheeling hakuna la kusimulia. Kutoka New Stanton tuliingia barabara ya kulipia ya Pennsylvania, ambayo inatoboa milima. Neema alijiwekea sheria ya kubana pumzi ndani ya kila handaki. Yapo manne hadi Harrisburg, na mawili ya mwisho, Kittatinny na Blue Mountain, yamefuatana karibu mno. Alitoka la pili uso umeiva kama nyanya.

Kwa wanaokuja: usitafute kibanda cha kulipia. Kamera inapiga picha namba ya gari, bili inakufuata nyumbani kwa posta. Ukiwa na kifaa cha E-ZPass unalipa karibu nusu ya bei. Sisi hatukuwa nacho. Mafuta ya kwenda yalikuwa dola 52.

Matengenezo ya barabara yalitushika saa moja na nusu. Hapo ndipo chapati ziliisha. Mama mkwe alikula tatu, akauliza kama zinauzwa.

Halafu jioni, tukiwa kwenye barabara namba 283 tukishuka kutoka Harrisburg, nikaona kibao cha kutokea kimeandikwa SALUNGA. Nilipunguza mwendo hadi lori la nyuma likanipigia honi. Babu yangu alikuwa fundi seremala wa misheni. Chini ya kitanda chake kulikuwa na sanduku la bati lenye bahasha kuukuu, na kwenye kila bahasha, chini ya majina ya kizungu ambayo sikuweza kuyasoma, neno moja niliweza: Salunga. Lina mlio wa kwetu kabisa. Utoto wangu wote niliamini Salunga ni kijiji cha Usukumani, pengine ng'ambo kidogo ya Magu, na siku moja nitakifikia kwa baiskeli. Kumbe ndipo yalipokuwa makao ya bodi ya misheni ya Wamennonite iliyowatuma Elam Stauffer na John Mosemann na wake zao Tanganyika, wakafungua kituo cha Shirati mwaka 1934, kisha Bukiroba, Mugango, Bumangi na Nyabasi. Jina lenyewe si la Wazungu pia. Limekatwa kutoka Chiquesalunga, jina la kijito katika lugha ya wenyeji wa kwanza.

Nikawaeleza wote garini. Mke wangu akasema, "Baba Neema, angalia barabara."

Moteli ilikuwa dola 118 kwa usiku, vitanda viwili vikubwa na kimoja cha kukunja. Oktoba ni msimu wa watu kuja kutazama majani yakibadilika rangi, kwa hiyo weka nafasi mapema. Sisi tulipata chumba cha mwisho, jirani na mashine ya barafu iliyonguruma hadi alfajiri.

Ijumaa: nyumba ya mwaka 1719 na droo za kadi

Tulifungua kinywa Central Market, mjini Lancaster, soko la matofali mekundu lililojengwa 1889. Linafunguliwa Jumanne, Ijumaa na Jumamosi tu. Nilinunua kipande cha shoofly pie, ambayo ndani ni kama sukari guru iliyoyeyuka ikagandishwa kwenye unga. Kwa chai ya rangi isiyo na sukari ni tamu sana. Pamoja na soda, utajuta.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi Willow Street, kwenye nyumba ya Hans Herr. Ni nyumba ya mawe, paa lake limesimama mwinuko mkali kama viganja vya mtu anayeomba. Ilijengwa 1719 na mwanawe Hans, Christian Herr, na ndiyo nyumba kongwe kuliko zote zilizobaki kaunti hiyo. Wamennonite wa kwanza kufika hapa walikuja 1710 kutoka upande wa Uswisi na bonde la Rhine, wakapewa hati ya ekari 10,000. Kwao walikuwa wanawindwa. Kosa lao ni kukataa kubatiza watoto wachanga na kukataa kushika silaha. Huko Zürich, Felix Manz alifungwa mikono na kuzamishwa mtoni Januari 1527, na Bern iliendelea kuwafukuza karne mbili nzima.

Uani kuna kitu ambacho sikukitarajia: nyumba ndefu ya magome ya miti, mfano wa makazi ya wenyeji waliokuwapo kabla. Hapo nikasikia habari ya Wakonestoga. Desemba 1763 kundi la walowezi wenye silaha lilivamia kijiji chao likaua watu sita. Wiki mbili baadaye likavunja jengo la mjini Lancaster walimofichwa waliobaki, likaua kumi na wanne, watoto wakiwemo. Waliosalia ni mume na mke wazee, Michael na Mary, waliokuwa wakiishi shambani kwa Mmennonite aitwaye Christian Hershey. Wakafa uzeeni na kuzikwa palepale shambani. Mama mkwe alisimama kimya muda mrefu. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama nadhani ardhi ya ukoo wake ilikuwa ya nani. Nilimwambia nadhani anajua, naye akasema ndiyo, anajua.

Mchana tulikwenda kwenye maktaba ya Mennonite Life, barabara ya Millstream. Ukienda, piga simu kwanza uulize saa na ada ya kusoma, na uende na majina, hata matatu tu, pamoja na jina la kijiji au kinu cha karibu. Ukisema "natafuta Brubaker" watakuonea huruma.

Hapa ndipo nilipopata somo langu. Kuna makabati ya droo ndogo zilizojaa kadi za nasaba, kila droo ina jina la ukoo mbele. Sisi wa Mara tumekua na majina hayo. Babu alisimulia "Bwana Stofa" kama unavyomsimulia jirani. Shenk alikuwa Bumangi kwa Wazanaki. Eshleman na Brubaker walikuwa madaktari wa Shirati. Baba yangu mdogo anaitwa Elam kwa heshima ya Stauffer. Kwangu kila jina lilikuwa mtu mmoja, mwenye sura na baiskeli yake. Sasa nimesimama mbele ya droo: STAUFFER, si moja. SHENK. ESHLEMAN. WENGER. BRUBAKER, droo baada ya droo. Kumbe hawakuwa watu, walikuwa koo! Ni kama Mzungu afike Majita akutane na Magesa mmoja, arudi kwao akiamini Magesa ni mtu mmoja tu duniani.

Mama mkwe hakuwa na muda wa mshangao wangu. Ndugu mmoja wa maktaba, mzee mwenye miwani miwili, mmoja puani na mwingine kipajini, alimwonya kwamba jina limeandikwa kila namna: Bruppacher ya Uswisi, Brubacher ya Kijerumani, Brubaker ya leo. Saa tatu baadaye, kwenye kadi iliyopigwa taipu, akampata: jina, jina la mume, tarehe ya kufa, na mstari mmoja, "amezikwa shambani," ukifuatiwa na jina la kijito na la kinu ambacho hakipo tena. Yule mzee akatoa ramani ya zamani ya wenye mashamba, akaweka kidole. Hakutoza hata fotokopi.

Chakula cha jioni kilikuwa chicken pot pie ya huku, dola 14 kwa sahani. Usitarajie mkate juu. Ni kama chapati mbichi imekatwa miraba ikachemshwa kwenye mchuzi mzito wa kuku na viazi. Neema alimaliza ya kwake na nusu ya yangu.

Jumamosi: shambani

Shamba silitaji. Ni mali ya watu, na watu hao walitutendea wema.

Zamani huku watu walizikwa kwenye shamba lao, kama kwetu. Makaburi ya makanisani yalikuja kujaa baadaye. Kwa hiyo ukipita barabara ndogo za Lancaster utaona, katikati ya mahindi, ukuta mfupi wa mawe unaozunguka kipande kidogo cha ardhi na mti mmoja au miwili. Oktoba mahindi yamekauka lakini hayajavunwa yote, na yamekupita kimo. Simu ilitupeleka kwenye makaburi mengine kabisa, mapya, yenye maua ya plastiki. Tukarudi kwenye ramani ya mzee.

Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Nilipoegesha pembeni kumpisha kigari cha farasi, gurudumu la kulia likazama kwenye tope la samadi hadi kwenye ringi. Harufu yake sitaisahau, na kiti cha nyuma hakijaisahau pia. Nilisukuma, mke wangu akakanyaga mafuta, na mimi nikapakwa kuanzia kifuani hadi miguuni. Mama mkwe alicheka mpaka akatoa leso.

Aliyetuokoa ni kijana mwenye kofia ya majani na suruali ya mikanda, aliyekuja na trekta lenye magurudumu ya chuma tupu, bila mpira. Nilimdhania Mwamishi, wa yale madhehebu yanayokataa kuwa na magari. Hapana, akasema, yeye ni Mmennonite wa mfumo wa zamani. Kanisani wanakwenda kwa farasi au baiskeli. Shambani trekta linaruhusiwa, ila magurudumu yawe ya chuma ili mtu asishawishike kuligeuza gari la kwenda mjini. Nilimwambia nami ni Mmennonite. Akanitazama, nilivyo mweusi na samadi yote ile, akauliza kwa upole, "Wa mfumo upi?" Nikamwambia wa Mugango. Akatikisa kichwa kama anayeufahamu. Pesa alikataa, alikubali pakiti ya karanga.

Shamba tulilolitafuta lilikuwa la tatu kutoka hapo. Tulibisha hodi mlango wa jikoni. Hilo ni muhimu: kamwe usiingie shamba la mtu bila kuomba, na kama ni Jumapili usiende kabisa. Waamishi na hawa wa mfumo wa zamani usiwapige picha za sura. Mama mwenye nyumba alitusikiliza, akaangalia kadi tuliyonakili, akasema ukoo wake umelinunua shamba zamani na hawana undugu na waliolala kule, ila baba yake aliwausia majani yakatwe kila kiangazi. Akampa mama mkwe fimbo, Neema akapewa ndoo ya maji na brashi laini, kisha mama akatutangulia.

Ukuta ulifika kiunoni. Ndani makaburi kama ishirini. Mengine ni jiwe la shambani tu limesimamishwa, lina herufi mbili au halina kitu. Hakuna malaika wala msalaba wa marumaru, na hakuna jiwe refu kuzidi jirani yake. Ya miaka ya baadaye yana maneno ya Kijerumani, na yameliwa na magamba ya kuvu ya kijivu na rangi ya chungwa. Tulisoma kwa vidole. Jua lilikuwa la saa sita, linapiga kutoka juu, na maandishi hayasomeki kabisa kwa jua la namna hiyo. Njoo asubuhi au alasiri.

Mama mwenye shamba alituonyesha ujanja. Alimwomba mke wangu kioo cha pochi, akamweka Neema upande wa kushoto wa jiwe, akamwelekeza arushe mwanga kutoka ubavuni, upite juu juu ya jiwe. Neema akageuza kioo kidogo kidogo. Doa la mwanga likapanda jiweni, likatetemeka, likatulia. Na palepale, pasipokuwa na kitu, pakawa na herufi. Kila mchongo ukashika kivuli chake. Jina lake la kwanza. *Brubacher.* Halafu *Alt 71 Jahr 3 Monat 9 Tag*, yaani umri miaka 71, miezi 3, siku 9. Hawakuandika siku ya kuzaliwa. Waliandika umri hadi siku ya mwisho, nawe unahesabu kurudi nyuma kutoka tarehe ya kufa. Mwaka ulikuwa umebaki 18 tu, tarakimu mbili za mwisho zimefunikwa na kuvu. Neema akainamisha kioo tena. Moja ikatokea, kisha ya pili, na zote zilikuwa zilezile za kwenye kadi.

Mama mkwe alitaka kupiga magoti, magoti yakakataa. Nikamshika kwapani, mimi mkwewe, nikamteremsha taratibu hadi akakaa kwenye nyasi. Akaweka kiganja juu ya jiwe akakiacha hapo.

Jiwe osha kwa maji na brashi laini tu. Usitumie brashi ya waya, chaki, wala dawa ya choo. Kuvu lililoshika sana liache. Ukilibandua linatoka na maandishi.

Kabla hatujaondoka mama mwenye shamba alileta jagi la chai baridi ya majani ya mnanaa. Nikamwuliza itakuwaje wakiuza shamba. Akajibu kwamba waliowauzia wao waliwaomba watunze, nao watamwomba atakayefuata. Hakuna karatasi? Hakujua kama iko karatasi. Kwetu babu amezikwa nyuma ya nyumba, chini ya mwembe, na tunadhani hiyo ndiyo salama kuliko zote. Niliinywa ile chai bila kuongeza neno.

Jumapili: kanisani

Tulikwenda kanisa la Mennonite karibu na moteli, la watu wa kawaida wenye magari na jinzi. Wanaimba sauti nne bila kinanda, na kwa wimbo wa kwanza nilijikuta nimeshika besi ya babu bila kuangalia kitabu.

Mwishoni mama mmoja mzee sana, nywele nyeupe chini ya kofia ndogo ya wavu, alinijia na kitembezi chake. Alikuwa amesikia nikijitambulisha. Akasimama, akavuta pumzi.

"Bwana Yesu asifiwe."

"Amina, mama."

"U mzima, mwanangu? Watoka upande gani?"

"Mugango, mama."

"Mugango ya ziwani! Nami nilikuwa Bukiroba." Akanishika mkono kwa mikono miwili, akateremsha kichwa kidogo, kama mama wa kwetu anavyosalimia. Kiswahili chake kilikuwa cha zamani, safi, chenye vituo, hakina hata neno moja la sasa. Alikuwa muuguzi. Alimkumbuka Askofu Zedekia Kisare, Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wetu, aliyewekewa mikono mwaka 1967. Akauliza bei ya sangara. Akauliza kama bado watu wanakula ugali wa mtama au mihogo imeshinda. Nilipomsimulia habari ya droo za kadi, alicheka akafuta macho.

"Nanyi mlitutatiza hivyo hivyo," akasema. "Nilikuwa na wagonjwa saba katika wodi moja, wote Nyamisi. Nikadhani ni jina la ugonjwa."

Alitualika kwake. Mezani kulikuwa na mkate, siagi ya tufaha, nyama baridi na, kwenye bakuli dogo peke yake, pilipili. Aliniambia huinunua kwa ajili ya wageni wa namna yangu, ambao siku hizi hawaji sana.

Jumatatu: kurudi

Mvua hadi Ohio, handaki nne, Neema amelala. Gharama yote ya watu wanne, siku tano, ilikuwa dola 791, bila bili ya barabara, ambayo imefika juzi na mke wangu ameibandika kwenye friji upande wangu.

Usiku uleule nilimpigia baba mdogo Elam. Huko kulikuwa alfajiri, nasikia jogoo. Nikamsimulia yote: Salunga, droo, kioo, mama wa Bukiroba. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Na huyo somo yangu," akasema mwishowe, "kaburi lake umeliona?"

"La Elam Stauffer? Hapana, baba. Niliona Stauffer wengi tu."

"Sasa ulikwenda kufanya nini?"

Nikamwambia tulimfuata bibi wa mama mkwe.

"Sawa. Huyo ni wa mkeo. Mwakani mfuate wa kwetu."